Mzee Amegoma Kupanda Ndege

Mtwara, Magomeni
7 Septemba 2025

Shoga yangu Asha,

Asalaam aleikum. Sie wazima, Bi Mkubwa mzima, watoto wazima, wale kuku wako wawili hawapo tena na usiulize. Nimenyamaza tangu Idi, najua, utanisema tukionana. Leo nimeshika kalamu kwa shida, na shida yenyewe ni Mzee.

Mzee amegoma kupanda ndege.

Huyu huyu! Mzee wa zimamoto, aliyekula mshahara wa eapoti tangu 1977 hadi alipostaafu 2011, hataki kupanda ndege. Tena nikikumbuka vizuri, hajawahi kupanda hata siku moja. Miaka thelathini na nne anasimama kando ya gari la zimamoto kila ndege inaposhuka, haya teremkeni, haya pandeni, yeye anabaki na mpira wa maji. Mpaka juzi sikuwahi kuliona hilo kuwa la ajabu.

Habari za macho unazo. La kulia mtoto wa jicho, la kushoto daktari anasema presha ya jicho, kampa rufaa ya huko kwenu Dar. Bingwa atamwona Ijumaa tarehe 19. Tukachangishana (Dadi katoa elfu hamsini na ameitangaza mpaka mtaa wa pili), nikakata tiketi ya Alhamisi tarehe 18 asubuhi, mapema, kabla wanunuzi wa korosho hawajaanza kujaza viti. Namkabidhi karatasi. Kaisogeza mpaka puani, kaigeuza, kanirudishia. "Mimi nitapanda basi."

Basi, na mgongo ule! Nikamwambia, Mzee, umesahau Mei mwaka jana? Kimbunga Hidaya kimepita, maji yamekata barabara kule Somanga, mabasi yamekwama huku na huku, watu wanalala njiani na watoto. Akanijibu kuwa Septemba hakuna mvua. Kweli hakuna. Halafu akaongeza kuwa waliokuwa wakilala Ndundu kusubiri pantoni ya Mto Rufiji hawakufa, sembuse sisi tuliopewa Daraja la Mkapa tangu 2003. Ukibishana na mtu aliyezaliwa 1951 jiandae, ana mfano kwa kila kitu.

Ndiyo maana simwelewi, Asha. Ni yeye aliyetusimulia masika ya zamani, barabara ya Rufiji imekufa kabisa, ndege ndiyo mlango pekee wa kutokea Kusini. Mgonjwa wa rufaa, ndege. Mitihani, ndege. Gazeti la jana linasomwa leo kama jipya, nalo limekuja na ndege. Alikuwa akisema watu wazima na suti zao walimpigia magoti karani wa tiketi. Na yeye akiwaonea huruma!

Unakumbuka alivyokuwa akianza kila simulizi na marehemu babu? "Baba yangu alifyeka huu uwanja." Waingereza walitaka karanga za Nachingwea, wakaleta reli, wakachimba bandari ya kina kirefu, na mwanzoni mwa miaka ya 50 ukaja uwanja wa ndege. Karanga zikagoma kuota. Reli ikaja kung'olewa mapema miaka ya 60, vyuma vikaondoka, bandari na uwanja vikabaki. Mzee hucheka hapo kila mara: karanga zimewapa hasara Waingereza, sisi zimetupa ajira. Mwenyewe kaingia kazini mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ndege za East African Airways zimetoweka, inakuja Fokker ya ATC, shirika letu la ndege la Tanzania, yenye twiga mkiani. Twiga yule alimpenda kama mtoto.

Na sisi chini ya mkorosho, tunahesabu ndege. Wewe ulikuwa unasema utakuwa rubani, naye akakubandika jina hilo hilo, Rubani, mpaka leo hakuiti vingine. (Umeishia kurusha chapati Gongo la Mboto, lakini hizo nazo zinaruka.) Unakumbuka alipotuchorea njia ya kurukia mchangani kwa kijiti? Namba 19 upande mmoja, 01 upande wa pili. Tukadhani ni namba za nyumba. Kumbe ni dira: 19 ni digrii 190, sifuri imekatwa, ndege inaelekea kusini, 01 inaelekea kaskazini. Na ndege haitui wala hairuki kwa kusukumwa na upepo mgongoni kama jahazi, inaukabili usoni. Kwa hiyo upepo wa kusi ukivuma, kama sasa, inaanza kupaa ikielekea Msumbiji ndipo igeuke kurudi Dar. Shangazi Somoe alipanda mwaka juzi bila kujua hilo, akapiga kelele kwamba wanatekwa.

Nakumbuka na ule mfuko wa kuonyesha upepo. Ulichanika, wa kuagiza hauji, Mzee akauleta nyumbani. Bi Mkubwa akaushona sebuleni kwa uzi wa nyavu kutoka Msangamkuu, mfuko umejaa chumba kama papa aliyevuliwa, sisi tunatambaa ndani yake tunatokea upande wa pili. Ukapandishwa mlingotini na harufu ya dagaa.

Mtu wa namna hiyo ataogopaje ndege? Nikamuuliza wazi, unaogopa? Akaniangalia, yaani akaangalia upande niliopo, akasema, "Ndege ni kitu cha kuheshimu." Hilo si jibu.

Mwanzo nilidhani ni mambo ya zamani. Anajua mno, unajua. Anajua siku ambazo wingu lilishuka, ndege ikazunguka juu, tukaisikia tu, ikarudi Dar na watu wetu. Anajua usiku ule kabla ya taa, ilipokuja ndege ndogo kuchukua mgonjwa, wakapanga koroboi pembeni mwa njia ya kurukia na upepo unazizima, wao wanakimbia kuziwasha tena. Nikasema labda nimpeleke aone palivyobadilika. Magufuli alipokuja kuweka jiwe la msingi Aprili 2019 Mzee alikuwepo, ila tangu kazi ikamilike hajakanyaga. Njia ilikuwa mita 2,258, sasa ni 2,800. Imepanuliwa kutoka mita 30 hadi 45. Taa zipo, za umeme, si koroboi.

Basi leo asubuhi nimemvalisha kanzu, tumepanda bajaji, tumefika. Akasimama nje ya jengo, ananusa. Harufu ya mafuta ya ndege anaijua kabla ya ndege yenyewe. Akatabasamu, nikasema Alhamdulillahi, mambo yameiva. Akaja kijana mmoja wa ulinzi, na adabu zake, "Shikamoo Mzee, unamsindikiza nani?" Mzee akanyoosha mkono, akamwita kwa jina la mtu mwingine. Jina la mwenzake wa zamani, yule aliyekuwa akija na muhogo wa kuchoma. Kijana kacheka kidogo, kasema hapana Mzee, mimi ni fulani. Nyuma yake walikuwepo wawili waliojifunza kazi kwa Mzee, nao wamekuwa watu wazima, wanakuja kumsalimia mbio. Hakuwaona, Asha. Walikuwa hatua tano. Mzee kaniambia, "Turudi, jua kali." Saa tatu asubuhi.

Njiani hakusema neno. Nyumbani kasema basi lina siti nzuri siku hizi.

Sasa mimi sijui. Nadhani, sina hakika, nadhani si ndege. Kushikwa mkono mbele ya wale vijana, kupandishwa ngazi moja moja kama mzigo, pale pale alipokuwa akisimama yeye... Bi Mkubwa anasema nisichimbe. Basi nisichimbe.

Na mimi sina wa kumsindikiza. Tiketi ya pili haipo. Ile pesa yangu ya Machi, safari ilipofutwa na lile shirika tukaambiwa tusubiri ujumbe wa simu, mpaka leo nasubiri ujumbe.

Ombi langu ndilo hili, shoga. Mpigie wewe. Si kama mimi niliyemwambia, piga tu kama umemkumbuka. Usimtaje jicho. Muulize habari za kusi, muulize hivi ndege ya Alhamisi itapaa ikielekea wapi, mwambie Rubani anataka kujua hiyo pangaboi inavyotikisika, kwa sababu hujapanda (umepanda, najua, nyamaza). Ukimwomba akuangalizie kitu ataenda. Mzee hajawahi kukataa kazi. Mpigie baada ya Isha, kabla ya hapo yuko na redio yake na hasikilizi mtu.

Upande wangu nimeongea kimyakimya na mmoja wa wale wawili. Anasema atampitisha mapema kabla abiria hawajajaa, na atatembea mbele yake, si pembeni, ili Mzee ndiye amuwekee mkono begani kama wanavyopanga foleni. Amelifikiria mwenyewe. Nimekaribia kulia pale dukani kwake.

Haya niambie: Alhamisi utakuwa na nafasi ya kumpokea, au chapati hazina likizo? Utaulizia ni jengo lipi, usije ukamsubiri la tatu naye katokea la pili? Ijumaa utamfikisha hospitali au nimwombe Dadi, na Dadi unamjua? Ngazi za kwako zina mahali pa kushika? Yule jirani wa mbwa bado yupo? Na hivi pweza mkavu wanaruhusu ndani ya ndege? Maana Bi Mkubwa ameshaanza kukufungia, na harufu yake, mama yangu, hiyo ndege itatua yenyewe.

Ni mimi wako,
Zuhura

Nimesahau. Ukimpigia na akasema "nitafikiria", hiyo ni ndiyo. Akisema "sawa mwanangu", hiyo ni hapana, nipigie haraka nikaulizie basi.