Risala ya Klabu za Michezo na Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu na wazazi wetu, wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Tunakushukuru sana kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kwetu. Tulipoambiwa mgeni rasmi ni daktari, tulikubaliana risala hii imtaje daktari mwenzako ambaye kila anayeshangilia AFCON ana deni kwake, ingawa wengi wetu jina lake tulikuwa hatulijui: Dkt. Abdel Halim Muhammad wa Sudan.

Alizaliwa Omdurman mwaka 1910, akasomea udaktari Khartoum. Juni 1956, huko Lisbon, alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Misri, Sudan na Afrika Kusini waliokubaliana Afrika iwe na shirikisho lake la soka. Shirikisho hilo, CAF, likazaliwa Khartoum Februari 1957, na mashindano ya kwanza yakachezwa papo hapo. Zilicheza timu 3 tu: Misri, Sudan na Ethiopia. Afrika Kusini, kwa ubaguzi wake, haikukubali kuleta timu ya weusi na weupe pamoja, ikaachwa nje.

Hapo ndipo tunapomheshimu zaidi yeye na wenzake. Shirikisho lilikuwa changa, wanachama wenyewe wanne. Lingeweza kufumba macho ili timu zitimie. Halikufumba.

Baada ya Wasudani kuuangusha utawala wa kijeshi Oktoba 1964, daktari huyu alikuwa mmoja wa watu 5 wa baraza lililoshika ukuu wa nchi. Mwaka 1968 akawa rais wa CAF hadi 1972. Katika kipindi hicho Sudan iliifunga Ghana 1-0 palepale Khartoum na kutwaa ubingwa wa 1970, na Morocco ikaenda Kombe la Dunia Mexico. Mwaka 1987 aliitwa tena kuliongoza shirikisho kwa muda, kabla ya Issa Hayatou. Alifariki 2009. Leo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa AFCON ya 2027.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeyasema haya kwa sababu hapa shuleni mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) akionekana na njumu huambiwa achague moja, kitabu au mpira. Tunaomba neno lako leo liwafikie wazazi wetu waliopo hapa.

Changamoto yetu kubwa ni huduma ya kwanza. Katika maandalizi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mwenzetu aliteguka kifundo cha mguu. Tulimfunga kwa kitenge, tukambeba mgongoni hadi barabarani, tukampakia bodaboda mguu ukining'inia. Hakuna kati yetu aliyejua kama tunamsaidia au tunamwongezea maumivu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, muuguzi mmoja kutoka ofisi yako aje atufundishe huduma ya kwanza, nasi tutaweka wanafunzi wa kila kidato watakaowafundisha wengine. Pili, sanduku la dawa na machela ya uwanjani. Wazazi wameshaahidi mbao za kabati la kuvihifadhia, na fundi ni mwalimu wetu wa michezo mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.