Ramani za zamani za mwambao wa Ziwa Victoria zifunguliwe

Mhariri,

Mjukuu wangu alinifungulia kwenye simu ramani ya zamani ya bonde la Cuyama, California. Ni bonde la wafugaji wa ng'ombe, mbali na miji mikubwa. Mafuta yalipogunduliwa mwaka 1948, kampuni ya Richfield ikajenga pale mji wa New Cuyama. Mimi nimezeeka kwenye upimaji ardhi, kwa hiyo simu yake ilichelewa kurudi. Kontua za kahawia, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, zimebanana milimani, bondeni zimeachana. Unaona njia za vumbi, halafu viduara vidogo, kila kimoja kisima cha mafuta.

Wamarekani wameweka mtandaoni ramani zao za namna hiyo, za kuanzia 1884 hadi 2006, na kupakua ni bure. Nyingi zilizorekebishwa kwa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege zimetiwa rangi ya zambarau penye mabadiliko, kipya kisichanganywe na cha zamani. Hapo nawavulia kofia.

Sisi wa Igombe tunazihitaji zetu kuliko wao. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukingo upi? Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, na 2020 likapanda tena hadi watu wakahama. Huku kwetu kuna bikoni, zile alama za mipaka za wapima ardhi, ambazo leo samaki wanazizunguka. Wazee wanasema maji yalikuwa yanaishia kwenye mawe yale, vijana wanabisha, na kikao cha mtaa kinavunjika hivyo hivyo.

Ramani ya 1:50,000 peke yake haitamaliza ubishi, nisiwadanganye wenzangu. Milimita moja ya karatasi ni mita 50 za ardhi, kwa hiyo zile mita 60 zinakaribia kumezwa na unene wa kalamu. Ndiyo maana naomba na picha za ndege zilizotumika kuchora ramani hizo. Kwenye picha unaona jiwe, mti, hata mtumbwi ulioegeshwa.

Wenye dhamana waziskani zote, za kabla ya mvua za 1961 zikitangulia, na kila moja ioneshe tarehe ndege ilipopita. Tarehe ya kuchapwa haitusaidii, maana ramani huchapwa miaka kadhaa baada ya picha kupigwa.

Mpima ardhi mstaafu,
Igombe, Mwanza