Risala ya Chama cha Historia kwa Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwakilishi wa wadi yetu katika Bunge la Kaunti ya Kisumu, Mwalimu Mkuu, wanachama wa Bodi ya Usimamizi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Tumekualika wewe, Mheshimiwa, kwa kuwa kiti unachokalia kilidaiwa na watu wa Nyanza zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Desemba 1921 watu walikutana Lundha, Gem, wakaunda Young Kavirondo Association (Kavirondo ni jina la kikoloni la Nyanza). Wananchi waliliita vuguvugu hilo Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Jonathan Okwirri alikuwa mwenyekiti, Benjamin Owuor Gumba katibu, na Simeon Nyende mweka hazina, wote wasomi wa shule ya Maseno. Nchi ilikuwa imefanywa koloni mwaka 1920, kodi imefika shilingi 16, na wanaume wanavalishwa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kazi.

Wakadai kodi ipunguzwe, wanawake wasitozwe, kipande kifutwe, kambi za kazi ya lazima zifungwe, watu wapewe hati za mashamba, na serikali ijenge shule. Hayo tunayakariri kila muhula. Dai linalopitwa haraka darasani ndilo lililotushika sisi: Nyanza iwe na baraza lake la kutunga sheria, na chifu mkuu aliyechaguliwa na watu.

Aliyechaguliwa, Mheshimiwa. Chifu wa kuteuliwa na serikali walikuwa wamemwonja. Kule Mumias, Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, alifanywa chifu mkuu mwaka 1909, na jamaa zake wakapelekwa kutawala koo ambazo hazikuwaomba. Manung'uniko ya koo hizo yalidumu miaka mingi. Ng'ambo ya mpaka, Mkataba wa 1900 uliiachia Buganda mfalme wake, Kabaka, pamoja na baraza lake, Lukiiko, na Nyanza yenyewe ilikuwa chini ya Uganda hadi 1902. Kwa maoni yetu, waliokutana Lundha waliiona mifano yote miwili wakachukua iliyowafaa: baraza la huku, lakini mtawala apigiwe kura.

Mwaka 1922 Gavana Northey alikutana nao Nyahera, hapa hapa Kisumu. Kodi ilishuka hadi shilingi 12 mwaka huo. Baraza la kutunga sheria hawakupata. Mwaka 1923 mmishonari Mwanglikana, Shemasi Mkuu (Archdeacon) Owen, alikigeuza chama kuwa cha ustawi wa walipa kodi, na wanachama wakaahidi kuua panya na kuchimba vyoo. (Panya ni adui, hatukatai, lakini hawakuwa wamemwendea Gavana kwa ajili ya panya.) Kisha yakaja mabaraza ya wenyeji, mwenyekiti akiwa mkuu wa wilaya, Mzungu. Kura ya Mwafrika kumpeleka mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria la Nairobi ilisubiri hadi 1957, Oginga Odinga alipoingia kwa niaba ya Nyanza ya Kati. Bunge la kaunti likaja 2013.

Mheshimiwa, tunaomba mambo mawili. Kwanza, utuombee nafasi tuketi katika roshani ya wageni siku mnapojadili bajeti, si siku ya sherehe. Pili, maktaba yetu ipate nakala za kumbukumbu za vikao vyenu, hata zile ambazo jina lako halimo.

Mwalimu Mkuu ameshakubali kutoa basi. Mafuta tutachangishana.

Ahsante, na karibu.

Wanachama, Chama cha Historia