Ulimpenda nani, kama si huyu?

Mhariri,

Binamu yangu alianza kujichubua baada ya mchumba wake kumwambia, "Ungekuwa mweupe kidogo ungependeza zaidi." Leo uso umeiva wekundu, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na akikaa juani kidogo tu mashavu humwasha hadi machozi yanamtoka.

Baadhi ya krimu hizi za kujichubua zina zebaki, metali yenye sumu. Huzuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi inayoikinga na jua, na huweza kuharibu figo. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uligusa pia vipodozi vya aina hiyo. Kopo la krimu ya binamu yangu nimeligeuza pande zote; halina hata orodha ya viambato.

Wengi humlaumu msichana kwamba hajikubali. Mimi namuuliza mchumba: siku ya kwanza ulimwona nani? Uliipenda sura hiyohiyo. Sasa unamwonyesha picha za wanawake wa mtandaoni zilizolainishwa kwa programu ya simu, ambazo hata wenyewe hawafanani nazo!

Juzi binamu yangu aliniuliza kama rangi yake itarudi. Nilimshika mkono. Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa ngozi, sisi wawili tu.

Msomaji wako