Kwa wazazi wa watoto wenye mzio wa chakula: muulizeni anayeshika upawa

Wanangu mnaotafuta kituo cha kumwachia mtoto mkienda kazini,

Najua mnachokipima mkitembelea vituo: ada, umbali, kamera, kama walezi wanazungumza Kiingereza. Kwa mtoto mwenye mzio wa chakula hayo yasubiri. Anzieni jikoni, tena msimhoji mwenye kituo anayewakaribisha ofisini. Mhojini yule anayegawa uji saa nne asubuhi.

Nautaja uji kwa sababu ndiyo hatari kubwa ya vituo vyetu. Unga wa lishe tunaousifia ni mahindi, ulezi au mtama, humo humo karanga na soya, mara nyingine ngano, na wapo wanaoongeza dagaa au ufuta. Vyakula vitatu au vinne kati ya vinavyoongoza kwa kuleta mzio vimo kwenye kikombe kimoja, na hakuna unachokiona kwa macho. Mkijibiwa "hapa hatuna karanga, tunawapa uji tu," ombeni kuiona pakiti. Kama unga umesagwa mtaani, ulizeni mashine hiyo inasaga nini kingine. Mashine iliyotoka kusaga karanga za mteja wa kwanza inamwachia wa pili mabaki, hata mahindi yake yawe safi namna gani. Na msidanganyike kwamba moto utamaliza kazi: karanga iliyochemka au kukaangwa bado inamdhuru mwenye mzio nayo.

Njia iliyo salama ni kupeleka unga wenu wa nafaka moja, kwenye kopo lenye jina la mtoto, pamoja na sufuria ndogo, mwiko na kikombe chake. Upikwe kwanza, ufunikwe, ndipo sufuria kubwa iinjikwe. Mwiko ndio unaosahaulika. Mpishi anakoroga uji wa wote, anageukia sufuria ya pembeni na mwiko ule ule, bila nia mbaya kabisa.

Mchana angalieni mboga: mchicha na kisamvu vinaungwa kwa karanga. Mafuta yaliyokaangia samaki ndiyo yatakayokaangia viazi. Maandazi yana ngano, mara nyingi na maziwa au mayai. Mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe asipewe ya mbuzi, ingawa mtu mzima yeyote atawaambia ya mbuzi ni mepesi. Protini zake zinafanana sana, na wengi wanaodhurika na ya ng'ombe watadhurika na hayo pia. Keki za siku ya kuzaliwa na kashata za kwenye mabegi zinahitaji katazo la kituo kizima. Mtoto wa miaka miwili hawezi kukataa anachopewa na rafiki yake.

Tazameni pia watoto wanavyonawa. Beseni moja na taulo moja kwa watoto wote linasambaza kile kile mnachokikimbia. Inatakiwa ndoo yenye koki, maji yatiririke, na sabuni. Vitakasa mikono vinaua vijidudu ila haviondoi karanga vidoleni.

Kuna jibu moja likitoka, chukueni mtoto muondoke: "tutampa kidogo kidogo azoee." Matibabu ya namna hiyo yapo, lakini ni ya daktari bingwa na vifaa vyake. Si kazi ya kituo. Chakula kipya nacho kisijaribiwe pale kwa mara ya kwanza.

Nanyi msiandike orodha ya vyakula kumi kwa sababu kila kimoja kiliwahi kumtoa kipele. Apimwe, mwandike vile alivyothibitisha daktari. Orodha ndefu isiyo na msingi inawachosha walezi, na wakimwona amekula kimojawapo bila shida, wataacha kuuamini hata ule mstari wa kweli.

Karatasi moja yenye picha yake ibandikwe jikoni na nyingine anapolala. Iwe na vyakula anavyokatazwa, dalili, hatua za kuchukua na simu zenu. Mtoto mdogo hasemi "koo linabana." Anakuna ulimi, sauti inakwaruza, anakohoa mfululizo, anatapika ghafla, midomo inavimba, au analegea. Dalili zinaweza kuanza baada ya dakika chache au hata saa mbili. Hapa pana mtego: vituo vingi vinalaza watoto mara tu baada ya kula. Wenu alale pale mlezi anapomwona uso.

Vidonge au dawa ya maji ya mzio hupunguza vipele na mwasho tu. Pumzi ikikaba au akilegea, kinachookoa ni adrenalini ya kuchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na daktari hupanga kipimo kwa uzito, miligramu 0.01 kwa kila kilo. Sindano zilizokwisha pimwa ni adimu madukani kwetu, kwa hiyo kituo kilicho karibu na zahanati kinazidi kile kizuri cha mbali. Nendeni wenyewe zahanati hiyo, mkaulize kama wana adrenalini na oksijeni, na kama wapo siku zote mtoto atakazokuwa kituoni. Njiani mtoto alazwe miguu ikiinuliwa. Akihangaika kupumua aketi. Asitembezwe wala kubebwa wima begani. Bajaji au gari, si bodaboda. Na waambieni waziwazi wasimnyweshe maziwa "kuua sumu." Desturi hiyo ni ya kawaida sana, na kwa mwenye mzio wa maziwa ni kuongeza sumu.

Leseni muiulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, maana hapa Tanzania Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo visajiliwe. Lakini leseni peke yake haimkingi mtoto na karanga.

Kabla ya kulipa, rudini siku nyingine bila taarifa, saa ya uji. Mlezi wa kawaida, si mkuu, awaeleze atafanya nini mtoto akianza kuvimba midomo. Akijibu "nitampigia mama," bado hajafundishwa. Simu kwa mama inafuata baada ya mtoto kuanza safari.

Msilipe muhula mzima. Lipeni mwezi mmoja, kwa sababu walezi na wapishi hubadilika sana, na maelekezo huondoka na aliyeyapokea. Kila mkisikia kuna dada mgeni, rudieni yote upya, tena mkiwa jikoni, kopo la unga likiwa mkononi.

Ni mimi,
Bibi yenu