Kichomea taka cha pwani hakifai Mbeya bila marekebisho

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vichomea taka vya hospitali na vituo vya afya huku Nyanda za Juu Kusini. Zabuni ikitaja kilo za taka kwa saa na nyuzi za joto tu, bila kutaja mwinuko wa mahali, tutaletewa mtambo uliopigiwa hesabu kwa hewa ya Dar es Salaam.

Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na pwani, na Njombe hewa ni nyepesi zaidi. Feni ya mtambo husukuma ujazo uleule wa hewa popote ilipofungwa, lakini huku ujazo huo una oksijeni kidogo. Taka zinaungua nusunusu, na moshi mweusi unatoka.

Tatizo kubwa zaidi liko chumba cha pili. Humo ndimo moshi wa chumba cha kwanza unapomalizwa: unatakiwa ukae sekunde 2 kwenye joto lisilopungua nyuzi 850, au nyuzi 1,100 kama klorini kwenye taka inazidi asilimia 1. Hospitalini klorini haikosekani, maana mipira mingi ya dripu na mifuko ya damu ni ya PVC, plastiki yenye klorini. Sasa, gesi ya uzito uleule huku huchukua nafasi kubwa zaidi kwa zaidi ya moja ya tano, hivyo hupita haraka. Chumba kilichopimwa sekunde 2 pwani hapa kinatoa 1.6 tu. Moshi ambao haujamalizika hubeba malighafi ya dioksini, sumu ambazo hujiunda gesi ikipoa polepole kati ya nyuzi 450 na 200. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm, wa kudhibiti kemikali sumu zinazodumu, mwaka 2004, na dioksini zimo kwenye orodha yake.

Dawa yake ipo. Mtambo mpya uagizwe ukiwa na chumba cha pili kikubwa zaidi kwa robo, na feni na bana (vichomeo) za dizeli zirekebishwe hapahapa, mtambo ukiwa unawaka. Kwa mtambo uliokwisha kufungwa, punguzeni mzigo: ulioandikwa kilo 50 kwa saa ulishwe 40. Mwendeshaji awashe bana ya chumba cha pili kwanza, na taka zisiingie kabla joto halijafika. Kisha alishe kidogo kidogo. Akijaza chumba mara moja, plastiki zote hulipuka moto kwa pamoja, na hewa haitoshi.

Joto lenyewe lipimwe kwa termokapo (kipimajoto cha waya) ya aina ya K yenye ala ya kauri, ifungwe mwishoni mwa chumba cha pili. Nimeona zikifungwa mbele ya bana. Hapo kinachosomwa ni mwali, na kitabu cha kumbukumbu kitajaa nyuzi 1,100 ambazo gesi haikuzifikia kamwe.

Wodini nako kuna kazi. Kondo la nyuma ni karibu maji matupu, na kila kilo ya maji hula zaidi ya megajuli 2.5 za joto kugeuka mvuke. Lipelekwe kwenye shimo lake. Vichupa vya dawa huyeyuka na kuziba chanja, hewa ya chini ikakatika. Makopo ya kupulizia hupasuka na kuvunja matofali ya moto. Vipimajoto vya zebaki visiingie hata kimoja, kwa sababu zebaki haiungui, inageuka mvuke na kutoka nzima kwenye bomba. Majivu nayo yana metali nzito: yaende kwenye shimo la zege lenye mfuniko, yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha nyuma ya jiko la hospitali.

Nawaomba waganga wakuu wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa waongeze mistari miwili kwenye kila zabuni: mwinuko wa eneo kwa mita, na sharti kwamba malipo ya mwisho yatolewe baada ya mtambo kupimwa ukiwa umebeba mzigo kamili mahali ulipofungwa. Cheti cha majaribio ya kiwandani kisikubaliwe badala ya kipimo hicho.

Mhandisi mitambo,
Mbeya