"Hatuna fedha" si jibu kwa mtoto mwenye ulemavu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu nchini Marekani yalinifurahisha, ila yaliruka mwanzo wa safari yenyewe. Mlimtaja Rais Gerald Ford, aliyetia sahihi sheria ya 1975 ya kuwapa watoto hao elimu ya umma bila malipo. Aliitia sahihi shingo upande, akilalamika kwamba inaahidi makubwa kuliko uwezo wa serikali. Waliomfikisha hapo ni wazazi waliokwenda mahakamani.

Jimbo la Pennsylvania liliruhusu shule kumkataa mtoto ambaye akili yake ilihesabiwa haijafikia ya mtoto wa miaka 5. Mwaka 1971 chama cha wazazi kililishtaki. Wakili wao, Thomas Gilhool, alikuwa na ndugu mwenye ulemavu wa akili, na aliegemea uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1954 uliopiga marufuku kutenganisha wanafunzi kwa rangi: serikali ikishaanza kusomesha watoto, haina ruhusa ya kuchagua wa kuwaacha nje. Jimbo likakubali kupatana.

Kesi ya jijini Washington ya 1972, ya watoto wenye ulemavu walionyimwa shule, ndiyo inayotuhusu zaidi. Bodi ya elimu ya jiji haikubisha kuwa ina wajibu, bali ilisema haina pesa. Jaji Joseph Waddy akakataa utetezi huo. Ikiwa pesa hazitoshi, aliamua, zilizopo zigawanywe kwa haki ili asiwepo mtoto anayekosa elimu kabisa. Upungufu usimwangukie mwenye ulemavu kuliko wenzake. Hata baada ya sheria ya 1975, Bunge lao halijawahi kufikisha asilimia 40 ya gharama za ziada za kuwasomesha, kama lilivyoahidi, lakini watoto waliingia darasani.

Sisi wazazi wa Kenya jibu hilo la fedha tunalijua mno. Hakuna mwalimu wa lugha ya ishara, hakuna karatasi za breli, rudi muhula ujao. Sheria yetu ya 2003 ya watu wenye ulemavu ilikataza kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya ulemavu peke yake, kisha ikaongeza sharti kwamba awe na uwezo wa kufuata masomo hayo. Ulikuwa mwanya mpana kwa shule isiyotaka taabu, hadi sheria mpya ya 2025 ilipochukua nafasi yake.

Katiba ya 2010 inatupa silaha bora. Kifungu cha 20(5) kinasema serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki kama elimu, ni juu yake kuthibitisha. Mzazi hadaiwi ushahidi kwamba pesa zipo. Kifungu cha 22 kinaruhusu chama kushtaki kwa niaba ya wanachama wake, na kufungua kesi hiyo hakutozwi ada.

Kwa hiyo navisihi vyama vya wazazi vianze kukusanya ushahidi sasa. Mwalimu mkuu akimkataa mtoto wako kwa mdomo, mwombe aandike sababu, aweke tarehe na mhuri. Akikataa kuandika, mwandikie wewe barua kueleza alivyokujibu, na ubaki na nakala.

Mzazi wa mtoto kiziwi,
Kisauni, Mombasa